Ndani ya Kengele Hapasuguliwi

Chantal, siku ile nilipokukabidhi funguo ulipitisha kidole ndani ya kengele kikatoka cheusi, ukaniangalia kama mtu anavyomwangalia mpishi asiyenawa mikono. Nje kengele inang'aa hata mtu anaweza kujichania nywele mbele yake. Ndani imefanya weusi, na ukingoni imeanza kuota ukijani. Ukaniambia, "Papa Athumani, huku ulisahau kabisa." Nikakujibu kwamba sikupasahau, na kwamba pasiguswe. Ukauliza sababu, nikasema nitakuandikia. Nilisema hivyo ili nipate kuondoka, maana wenzetu walikuwa wanakata keki na mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshaanza kujipapasa mifukoni akitafuta miwani ya kusomea hotuba. Sasa nimekaa nyumbani wiki tatu sina pa kukimbilia, kwa hiyo naandika.

Mambo ya vyeo sitayagusa. Nilipandishwa cheo mara mbili, na mara zote mbili kazi ilibaki ile ile, ila kibao cha kifuani kilibadilika. Nitakueleza yale ambayo wewe mwenyewe utayashika kwa mikono.

Nilikuja Johannesburg kutoka Tanga, mtaa wa Ngamiani, nikiwa nimeacha mke na mtoto mchanga. Nilianza kwa kulinda duka la magodoro, kazi ambayo ubaya wake ni kukaa karibu na magodoro mchana kutwa bila ruhusa ya kulala. Kisha mtu mmoja wa msikitini akaniambia kuna jumba la mabaharia wastaafu kule Troyeville, wanatafuta mtu wa usafi. Nilicheka. Mji huu hauna bahari wala mto wa kueleweka. Ukitaka kuona meli unapanda basi ukashuka kesho. Lakini nilikwenda, nikauliza kwenye spaza, kiduka cha kona, na mwenye spaza akanionyesha kwa kidevu nyumba ya matofali yenye nanga nyeupe uani.

Aliyenipokea ni mzee aliyeitwa na kila mtu Oom Koos. Oom ni kama kusema mjomba, ndivyo Makaburu wanavyoheshimiana. Alikuwa mpiga mizinga wa manowari wakati wa Vita vya Pili, na sasa alikuwa ndiye mtunza jumba. Hakuniuliza cheti wala barua. Aliniambia nimwonyeshe mikono, akaitazama pande zote mbili, kisha akanipa kikombe cha shaba kilichofanya giza, dawa kidogo kwenye kifuniko na kipande cha fulana kuukuu. Akaondoka. Niliposema nimemaliza alikipindua kikombe moja kwa moja, akatazama kitako. Namshukuru marehemu mama yangu, aliyekuwa hakubali sufuria iliyosuguliwa ubavuni tu. Kitako kilikuwa kinang'aa. Nikaambiwa nianze Jumatatu.

Manowari yenyewe unaijua kwa ule mfano ulio kwenye kioo, wenye urefu wa kitanda. Ni aina ile nyembamba ya mbio wanayoiita destroya, kazi yake kusindikiza meli za mizigo na kuwinda nyambizi. Ilikuwa ya Waingereza, ila vijana wengi wa huku bara walijiandikisha humo, watoto wa mashamba na wa migodini ambao walikuwa hawajaona maji mengi kuliko ya birika la ng'ombe. Wazee waliiita kwa jina la utani ambalo kwa Kiswahili ningesema Bibi. Bibi hivi, Bibi vile. Baada ya vita Bibi alikatwakatwa akauzwa chuma chakavu, ikabaki kengele, bendera moja, mashine ya zamani ya kupimia shabaha ambayo hakuna ajuaye kuifungua, na mabaharia wake wazee, waliokuwa wanapungua kila msimu wa baridi.

Wiki ya kwanza Oom Koos alinifundisha karibu kila nilichokufundisha wewe. Kitambaa kiwe cha pamba na kiwe kimefuliwa mara nyingi. Dawa iwe kidogo; anayetia nyingi hana imani na mkono wake. Sare za maafisa zitolewe mara moja kwa mwezi, zipigwe kwa brashi kutoka mabegani kwenda chini, na kafuri iwekwe mifukoni bila kugusa nguo. Ule mfano wa meli ufutwe vumbi kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, na wakati wa kufuta milingoti uzuie pumzi. Hilo la pumzi nililiona la kichekesho mpaka nilipopiga chafya siku moja nikavunja mlingoti wa nyuma. Tulihitaji njiti ya meno, gundi na siku nne za Oom Koos kutosema nami.

Kubwa kuliko yote ilikuwa unga mweupe. Dawa ya shaba ikikauka huacha unga kwenye kila mfuo na kila herufi. Kwa Oom Koos, unga huo ukibaki ni afadhali usingesugua kabisa. Alitembea na njiti za kiberiti alizozichonga ncha, na kila Ijumaa alipita akizichomeka ndani ya herufi za vibao akitafuta. Alisema ndivyo walivyokaguliwa melini na afisa mwenye kitambaa cheupe, na kwamba waliokufa kwa ajili ya Bibi wanastahili kusomeka vizuri.

Kisha kulikuwa na karatasi ya historia, ile iliyo kwenye fremu mlangoni. Oom Koos aliipiga taipu mwenyewe kutoka katika kitabu cha safari za meli. Ilinibidi niikariri kwa Kiingereza ili niwasomee wanafunzi wanaoletwa na walimu wao. Nikaikariri kama nilivyokariri juzuu utotoni, nikiyumba kidogo. Jinsi Bibi alivyosindikiza misafara kwenye baridi ya kaskazini mpaka barafu ikalazimika kuvunjwa kwa nyundo juu ya sitaha. Jinsi alivyowaokota wanaume waliokuwa wakielea kwenye mafuta, weusi wote, hata asijulikane nani ni nani. Jinsi alivyozunguka Rasi akapanda mpaka Mombasa, na huko akawinda nyambizi siku mbili mchana na usiku, akatupa mabomu yake yote majini na kuua, kwa maneno ya Oom Koos ambayo hayamo kwenye karatasi, samaki wa kulisha wilaya nzima. Homa ikawalaza mabaharia wengi Mombasa. Bibi akatoka tena baharini, na katika safari hiyo bomba la mvuke likapasuka kwenye chumba cha boila. Karatasi inasema: meli iliendelea kwa mwendo mdogo, hakuna aliyekufa.

Sentensi hiyo niliipenda. Nilikuwa natua kidogo kabla yake, niwaache watoto wangoje, kisha nawapa. Hakuna aliyekufa. Unawasikia wanashusha pumzi. Nimeisema miaka ishirini na nane.

Sasa kengele. Ijumaa yangu ya kwanza Oom Koos alinisaidia kuishusha kwenye kigogo chake na kuilaza juu ya blanketi. Akanieleza desturi yao. Afisa akipata mtoto wakati meli iko bandarini, kengele hupinduliwa, hutiwa maji, na kasisi humbatiza mtoto humo. Kisha jina la mtoto huchongwa ndani ya kengele na fundi. Ndani ya kengele yetu kuna majina mawili kama hayo, unayajua, yamechongwa kwa patasi, ya kina, hata kipofu anayasoma kwa kidole. Akaniachia niendelee, yeye akaenda kunywa chai.

Nilipaka dawa ndani yote kwa mswaki, nikangoja ikauke. Ilipokauka, upande wa pili, mkabala na majina ya wale watoto, unga ulikuwa umeingia kwenye mikwaruzo miembamba ambayo kabla ya hapo sikuiona kabisa. Ikajitokeza myeupe juu ya shaba, mstari chini ya mstari. Nikahesabu saba. Zilikuwa herufi za Kiarabu, zimekwaruzwa kwa kitu kama msumari, na kila mstari una mwandiko wake, mmoja umenyooka, mwingine umepanda kilima. Chuoni Tanga tulifundishwa kuandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Nikaingiza kichwa nikasoma mstari wa juu. Faraji bin Sudi.

Nilicheka peke yangu mle ndani, na sauti ikanirudia. Ilikuwa kama kubisha hodi nyumba ya ugenini ukaitikiwa kwa lugha yenu.

Hapo Oom Koos akarudi, kikombe mkononi, akauliza kuna nini. Aliinama akachungulia. Hakuona majina, aliona unga mweupe. Uso wake ukabadilika, akaniuliza kile ni nini.

Chantal, hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Ningeweza kusema, Oom, haya ni majina ya watu. Yalikuwa maneno mepesi na Kiingereza chake nilikuwa nacho. Lakini ilikuwa siku yangu ya tano. Nilikuwa nimeshamwandikia mke wangu Mariamu kwamba nimepata kazi ya ndani, kazi ya heshima, ajitayarishe. Na nilijiambia harakaharaka kwamba hao ni vibarua tu wa bandarini, watu wa kwetu tunapenda kuandika majina popote, hata kwenye madawati ya shule.

"Mikwaruzo, Oom," nikasema.

Akafungua droo akanipa msasa, ule laini kabisa, akasema basi niiondoe.

Nikaiondoa. Ilinichukua Ijumaa tatu. Nilianzia juu, pale penye jina nililolisoma, nikashuka. Ijumaa ya tatu Oom Koos aliingiza kichwa na tochi akauona uso wake mwenyewe mle ndani, akanipiga begani, na siku hiyo akanipa ufunguo wa kabati la bendera. Nilirudi nyumbani natembea kwa maringo. Nisichoweza kukisahau ni hicho, kwamba nilifurahi.

Miaka ikaenda. Mariamu akaja, watoto wakakua wakiongea Kizulu na Kiingereza na kunijibu Kiswahili kwa kutikisa kichwa. Nilipambana na nondo waliokula koti la nahodha kuanzia kwapani, na paa lililovuja juu ya bendera mvua ya mawe ilipopiga. Kila Ijumaa niling'arisha kengele, ndani na nje, na kila Ijumaa, wallahi, mkono wangu ulipofika upande ule ulikuwa unajua umefika wapi.

Mwaka wake wa mwisho Oom Koos alikuwa hasimami tena. Alikuja kwa kiti cha magurudumu, akikaa karibu na heater, mimi nikimletea vibao avitazame. Siku moja nilikuwa nimemaliza kuwasomea wanafunzi, wameshaondoka, akaniambia nina tabia ya kutua kabla ya ile sentensi ya mwisho. Nikasema inawafurahisha watoto. Akasema kuwa Mombasa, baada ya homa kuwalaza wenzao, walichukua wanaume wa pale bandarini wawasaidie: wawili jikoni, mmoja wa kufua, wengine kwenye boila. Wanaume saba. Ndio waliokuwa wanasugua kengele vilevile, kwa sababu kazi hiyo hakuna aliyeitaka.

"Bomba lilipopasuka mmoja alikuwa mbele yake," akasema. "Tulimzika baharini asubuhi yake. Nilikuwepo."

Nikamuuliza mbona karatasi inasema hakuna aliyekufa.

"Kwa Bibi hakufa mtu," akasema. "Yule hakuwa kwenye orodha."

Nikamuuliza jina lake. Alifikiri kwa kweli, nilimwona anatafuta. Akasema hakumbuki, kisha akaongeza kwamba anadhani hakuwahi kulijua. Hakuniuliza lolote kuhusu ile mikwaruzo, nami sikumwambia. Mpaka leo sijui kama alikuwa ameielewa. Alifariki kabla ya majira ya joto, na mimi ndiye niliyeng'arisha vifungo vya koti alilozikwa nalo.

Miaka minne iliyopita walikuja wanawake wawili. Mmoja, Mwanaisha, ni mtu wa Mombasa anayefanya kazi ofisi moja ya Sandton, mwenye adabu na mwenye kutazama saa kila mara. Mwingine alikuwa mama yake, Bi Rukia, mwembamba, na bakora, na leso mbili juu ya sweta kwa sababu ya baridi yetu. Walikuwa wanakaa pamoja mtaa wa Observatory. Waliponisikia nikiwaamkia kwa Kiswahili Bi Rukia alifurahi waziwazi, akasema basi leo hatahitaji mkalimani.

Nikawapa viti. Mwanaisha akaeleza, mama yake akimsahihisha. Baba yake Bi Rukia aliitwa Heri bin Mbarak. Aliondoka Mombasa na manowari Bi Rukia akiwa tumboni, na hakurudi. Rafiki yake mmoja alirudi, akasema Heri amekufa kwa mvuke baharini. Mke wa Heri alipokwenda ofisini bandarini, aliambiwa meli hiyo haina mtu wa jina hilo na katika safari hiyo hakuna aliyekufa. Basi mtaa ukaamua wenyewe. Heri ametoroka, yuko Msumbiji kwa mwanamke, na rafiki yake anamfichia. Bi Rukia alikua akiitwa binti wa mtoro. Posa yake ya kwanza ilirudishwa kwa sababu hiyo. Hata uzeeni, wakigombana kisimani, hilo ndilo lililokuwa likitupwa la mwisho.

"Lakini yule rafiki alisema kitu kimoja," Mwanaisha akasema. "Ami, alisema waliona watoto wa wazungu wakiandikwa ndani ya kengele. Nao wakasema, basi na sisi tujiandike. Majina yao wote yamo. Mama ameitafuta kengele hiyo maisha yake yote. Mimi nimeipata kwenye simu, picha yenu."

Umeme ulikuwa umekatwa siku hiyo, mchana kweupe lakini ukumbi una giza. Nilichukua tochi. Nilijua hakuna kitakachoonekana na nilimulika vizuri sana, pole pole, kama mtu mwaminifu. Bi Rukia aliinama, bintiye akimshika kiuno. Akayaona yale majina mawili.

"Hawa ni nani?"

"Watoto wa maafisa, Bi. Walibatizwa humu."

"Walipigana?"

"Hapana, Bi. Walikuwa wachanga."

Akaingiza mkono akapapasa upande wa pili, palepale, kwenda na kurudi. Vidole vyake vilikuwa vinasikia ulaini nilioutengeneza mimi. Kisha akajinyoosha akanitazama.

"Mwanangu, kengele hii umeishika miaka mingi. Hujaona humu maandishi ya kwetu?"

"Sijaona, Bi," nikasema.

Alinishukuru. Hilo nalo alilifanya. Aliniombea dua kwa kuwapokea vizuri, akamshika binti yake mkono, na walipofika mlangoni, chini ya ile fremu ya Oom Koos, akasema kwa sauti ndogo tu, bila kumwambia yeyote, "Basi waliosema walisema kweli."

Niliwafuata. Nilitoka na tochi bado inawaka mkononi. Gari lao lilikuwa limesimama kwenye robot, taa za barabarani pale chini, ikiwa nyekundu, na kutoka mlangoni mpaka pale ni hatua kama hamsini. Nilitembea hatua nne au tano. Robot ikawa kijani.

Watu wangu wa nyumbani walisema nimeingiwa na ugonjwa. Mariamu ndiye pekee niliyemwambia, akaniuliza swali moja tu, nani angenifukuza kazi safari hii. Oom Koos amekufa, kamati haijui msasa ni nini, nami nilikuwa ndiye mwenye funguo zote. Haikuwa hofu tena, Chantal. Ilikuwa aibu, na aibu ya mtu mzima ina kichwa kigumu kuliko hofu ya kijana. Nilikuwa mtu anayesifiwa kwa kazi ya usafi. Ningesemaje kwamba nilichokisafisha ni watu?

Tangu siku ile sijagusa ndani ya kengele. Nilijaribu kwanza kila ninachokijua. Nilimulika tochi kwa ubavu, nikaweka karatasi nyembamba nikapitisha penseli, nikapaka dawa tena niache unga uingie utakapoingia. Nilipata nukta moja na mkia wa herufi ambao unaweza kuwa wa jina lolote. Nikaifuta dawa kwa maji ya uvuguvugu, na nikaiacha. Shaba ikiachwa hujiwekea rangi yake yenyewe. Pengine palipokwaruzwa zamani patachukua rangi tofauti kidogo na pengine siyo. Ndiyo maana nasema pasiguswe, na ndiyo maana kidole chako kilitoka cheusi.

Na jingine la kazi kabla sijamaliza. Watoto wa shule wakija, wasomee karatasi yote, ila ukifika kwenye bomba la mvuke ishia kwenye mwendo mdogo. Nimeiandikia kamati barua yenye kila nilichokisema hapa na niliyoyasikia kwa Oom Koos. Mwenyekiti amejibu kwamba wataijadili. Huenda wakaijadili. Wewe usingoje, ile sentensi iache.

Siku ya pili baada ya keki nilikwenda Observatory, kwa anwani waliyoiacha kwenye kitabu cha wageni. Nilikuwa na ujasiri wa mtu aliyekwisha kustaafu, ambao si ujasiri wa kujisifia. Mwanaisha alifungua mlango. Alinikumbuka. Akaniambia mama haoni tena, na kusikia ni kwa sikio moja, nisogee upande wa dirisha. Bi Rukia alikuwa kitandani, amefunikwa leso ile ile au nyingine inayofanana nayo. Nikakaa kwenye stuli. Nilikuwa nimejitayarishia utangulizi mrefu njiani kote, wa samahani na wa ujana, na nilipomwona niliuacha.

Nikamwambia: maandishi yalikuwemo. Niliyaona siku yangu ya tano kazini, nikayasugua mimi mwenyewe kwa msasa, na ulipokuja nikakudanganya. Nikamwambia na habari ya Oom Koos, kwamba mwanamume wa Mombasa alikufa mbele ya boila na alizikwa kwa heshima asubuhi yake, na aliyeniambia alikuwepo.

Mwanaisha aliondoka akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo. Simlaumu. Bi Rukia akauliza ilikuwa mistari mingapi.

"Saba, Bi."

"Saba," akasema. "Sisi nasi tuliambiwa saba." Machozi yalimtoka yakashukia masikioni, kwa jinsi alivyolala, na hakuyafuta. "Ulisoma?"

Nikasema nilisoma.

"Nisomee."

"Faraji bin Sudi," nikasema.

Alicheka. Wallahi alicheka, kicheko cha msichana. Akamwambia Mwanaisha, "Umesikia? Faraji. Ndiye aliyetuletea habari, wakamwita mwongo mpaka akahama mtaa." Akarudia jina hilo mara mbili, akamwombea rehema. Nilianza kudhani kwamba nimeleta kitu, kwamba nitatoka mle ndani nikiwa mwepesi kidogo.

Kisha akageuza kichwa juu ya mto, polepole, mpaka lile sikio zima likawa upande wangu.

"Faraji alirudi, namjua," akasema. "Nisomee wa pili."

Alingoja. Mwanaisha naye alikuwa amegeuka.

"Wa pili sikumsoma, Bi," nikasema. "Nilimfuta kabla sijamsoma."